Mdai Hakufika

Wazungu wa karanga walipokuja Nachingwea walileta matrekta, mabati na karatasi. Karanga zenyewe hazikukubali. Matrekta yalikufa moja baada ya jingine yakaachwa vichakani, mabati yakahamia kimyakimya kwenye mapaa ya watu wajanja, lakini karatasi zilishika mizizi. Mtu aliyefanya kazi kambini alikuwa na kipande chake cha kazi, na cheti cha kupimwa kifua, na kikaratasi cha kupokelea unga, na kingine cha kuonyesha kwamba unga amekwisha kuupokea. Watu wetu wa Chinongwe walikwenda huko wakijua kulima tu, wakarudi wanajua kukunja karatasi mara nne na kuificha ndani ya kofia.

Mmoja wao alikuwa mwanamume aliyenichumbia. Alikuwa msaidizi wa dereva wa trekta, maana yake alikimbia mbele ya trekta akitazama visiki. Kwetu sisi Wamwera posa ilikuwa shughuli ya wajomba. Mjomba wa mwanamume anakuja kwa mjomba wa msichana, wanakaa, wanakohoa, wanakubaliana, basi. Huyu akataka iandikwe. Alimchukua mjomba wangu mpaka Nachingwea kwa lori la kambi, wakaingia kwa karani wa boma, na huko ikaandikwa kwamba fulani amemposa fulani binti fulani, mahari imepokelewa na ndoa itafuata. Mjomba akabonyeza dole gumba. Alirudi nyumbani na wino kidoleni, akakataa kunawa mpaka jioni ili kila mtu aone.

Mimi nilikuwa bado mtoto, sijachezwa unyago, kwa hiyo jina lililoandikwa lilikuwa jina langu la utotoni. Asiye mtu wa kwetu hawezi kuona ubaya wake. Msichana akitoka unyagoni hutoka na jina jipya. Lile la zamani huachwa hukohuko pamoja na nywele alizonyolewa, na tangu hapo hakuna ruhusa ya mtu yeyote kulitamka. Ni tusi. Ukimwita mtu mzima jina lake la utotoni unalipa kuku, na ikionekana umekusudia, unalipa mbuzi. Wavulana nao ni hivyohivyo wakitoka jandoni. Mimi nilichezwa mwaka uleule wa posa, baada ya mavuno, wala hakuna aliyeikumbuka karatasi ya Nachingwea. Hata hapa jina hilo silitaji, na ili haki iwe sawa sitataja la mtu mwingine yeyote.

Miaka ikapita, nikakua, tukaoana. Mwalimu wa chuo alisoma Fatiha, wali ukaliwa, hakuna aliyeandika chochote. Mume wangu akahamia kwetu na kujenga nyumba, kama ilivyo desturi ya kwetu, maana ni mwanamume anayehamia kwa wakwe zake. Alijenga vibaya. Mvua ya kwanza tulihamisha kitanda, ya pili tukahamisha na jiko. Halafu Wazungu wakaanza kufunga virago, kambi zikapunguza watu, na yeye akaona ni heri aifuate reli mpaka Mtwara akatafute kazi bandarini. Alisema atarudi kabla ndege hawajaanza kufukuzwa kwenye mtama. Nilikuwa na mimba. Binti yangu akazaliwa, akaachishwa ziwa, akajifunza kusema, akajifunza kunijibu ovyo, na baba yake bado yuko Mtwara anasubiri mtama.

Habari zikaja kwamba ameoa huko. Sikulia. Nilikuwa nimekwisha kumchoka hata kabla hajaondoka, na kama angeniaga vizuri ningemfungia njugu mawe za njiani. Nilichotaka kilikuwa kimoja, niwe huru. Zamani jambo hilo lilikuwa jepesi. Mume akipotea namna ile, wajomba wanakaa, mkeka wake unatolewa nje, na ndoa imekwisha. Lakini posa yetu ilikuwa imeandikwa, boma likaihesabu kuwa ndoa, na iliyoandikwa haikuweza tena kwisha kwa mdomo. Jumbe wetu alitangaza hivyo kwa uso wa mtu aliyeumia, kwa sababu naye alikuwa ameamriwa.

Basi nikawa mke wa karatasi. Hakuna mwanamume aliyethubutu hata kupanda juu ya paa langu kuziba tundu, kila mmoja akiogopa kesi ya ugoni. Alikuwapo mkulima mmoja wa ufuta, mtu wa Lionja, aliyefiwa na mkewe, mpole, mwenye meno mazuri. Ndiye niliyekuja kuzeeka naye. Siku hizo alikuwa akipita Chinongwe kumtembelea shangazi yake, na shangazi huyo alianza kuugua mara nyingi ajabu. Alisimama barabarani na mimi nikasimama uani, tukaongea kwa sauti ya juu kama watu wanaovushana mto.

"Nakutaka," aliniambia mbele ya watu wote na mbuzi wao. "Lakini mahakama siitaki. Leta karatasi kwanza."

Nikaenda kuitafuta karatasi. Nilifuatana na mjomba yuleyule wa dole gumba, mtu mfupi mwenye koti la kambi ambalo hakulivua hata wakati wa jua kali, kwa sababu ya mifuko yake. Kwenye baraza la liwali pale Ruangwa karani alitusikiliza vizuri sana, kisha akasema hawezi kuvunja ndoa asiyoiona. Twende Nachingwea tukalete nakala ya cheti. Tukaenda. Nachingwea wakasema nakala ipo, ila hawawezi kuitoa mpaka jumbe wetu aandike barua kwamba mimi ndiye mimi. Tukarudi Chinongwe. Jumbe alinitazama, akakubali kwamba mimi ndiye mimi, tena akaongeza kwamba nimfikishie mama salamu, lakini kuandika hajui na karani wake yuko msibani. Karani akarudi kutoka msibani, wino ukawa umekauka. Wino ukapatikana kwa walimu wa misheni, muhuri ukawa umefungiwa kwenye sanduku, na mwenye ufunguo amekwenda mnadani. Hapo nilikaa chini mbele ya nyumba ya jumbe nikasema siondoki. Nikaletewa uji, nikanywa, sikuondoka. Muhuri ukapatikana.

Nilipoipata ile nakala niliibeba kifuani kama mtoto mchanga. Sikujua kusoma wakati huo. Kusoma nilijifunza baadaye, ukubwani, kwa hasira tu. Kwa hiyo nilibeba tusi langu mwenyewe kutoka Nachingwea mpaka Ruangwa, likiwa limepigwa muhuri, na sikujua.

Karani wa Ruangwa alikuwa mtu wa kuja, mzaliwa wa pwani, kijana safi mwenye mwandiko ambao watu walikwenda kuutazama tu. Mila zetu hakuzijua na hakuona sababu ya kuzijua. Siku ya kesi liwali alikaa kitini, naye pia mtu wa pwani, mzee mwenye tumbo na haraka ya kwenda kula. Nje barazani walikuwapo watu wengi, maana kesi ya mwanamke kumkataa mume ilipendwa kuliko ngoma. Mama yangu alikuwapo. Na nyakanga alikuwapo, yule mama mkuu wa unyago aliyenicheza, mwanamke mrefu ambaye hata wanaume walimpisha njia.

Taratibu ya baraza ilikuwa kwamba tarishi anatoka nje na kuita jina la mdai mara tatu, na mdai anaitika na kuingia. Tarishi alikuwa Mmwera kama sisi. Akapewa karatasi. Akaitazama. Akatoka nje, akaitazama tena huko kwenye mwanga, labda akitumaini itabadilika.

"Yule mama," aliita. "Yule mwenye kesi ya mume aliyeko Mtwara. Aje."

"Ita kama ilivyoandikwa," karani alisema kutoka ndani.

"Kuita nimeita, bwana karani. Amesikia."

"Ita jina."

Tarishi akairudisha ile karatasi mezani, taratibu, akairudisha kwa mkono wa kulia kwa adabu zote. "Kusoma nimesoma," alisema. "Kutamka, nina wake wawili na watoto, sina mbuzi wa kulipia."

Karani akanyanyuka mwenyewe. Alisimama mlangoni, akalisafisha koo lake, akaliita jina langu la utotoni kwa sauti nzuri ya pwani, kila herufi mahali pake. Nilihisi kama amenivua nguo. Wanawake walivuta khanga usoni, wazee wakatazama chini, na kijana mmoja mjinga akacheka, akapigwa kofi na baba yake. Kila mtu alijua jina hilo ni la nani. Mimi nilikuwa nimesimama hatua chache tu mbele ya karani, nikamtazama machoni, nikafunga mdomo. Kuitika kungekuwa kukubali kwamba mimi bado ni mtoto, kwamba sikuchezwa, kwamba nyakanga na mama walipoteza wakati wao bure. Akaita mara ya pili. Akaita ya tatu.

Liwali akauliza kuna nini. Karani akasema, "Mdai hakufika," akaandika hivyohivyo. Kesi ikafutwa na liwali akaenda kula.

Tukamfuata karani mchana ule mjomba na mimi, kwa upole. Alikuwa mtu wa kusikiliza, hilo simnyimi. Akasema dawa ipo. Aje mtu mmoja aliyenijua utotoni, ashike msahafu, aape kwamba aitwaye vile zamani ndiye huyu aitwaye hivi sasa, ataje majina yote mawili, na karatasi itaandikwa. Ni jambo dogo. Tukamwendea mama, mama akasema afadhali aape kwamba hajawahi kunizaa. Tukamwendea nyakanga. Nyakanga aliingia ndani akafunga mlango. Majirani, shangazi, mpaka yule mwalimu wa chuo, kila mmoja alikuwa tayari kuapa lolote isipokuwa hilo. Mjomba mwenyewe alijaribu nyumbani, chini ya blanketi kama mtu anayejifukiza, akatoka jasho tu.

Ndipo akapata akili yake kubwa. Mjomba wangu alikuwa hatari akipata akili. Siku tuliyorudi Ruangwa alikaa mbele ya karani, akaweka kofia magotini na kutengeneza uso wa huzuni.

"Bwana karani, huyu mwenye jina hilo unalolisoma," alisema, "hayupo. Alikufa."

"Alikufa lini?"

"Mwaka uleule wa posa."

"Alikufa wapi?"

"Porini, unyagoni."

"Kwa ugonjwa gani?"

Mjomba akafikiri. "Hatukujua. Alikwenda mzima, hakurudi."

Kwa nyakanga na kwa wazee wote huo haukuwa uongo. Walilia wao wenyewe siku ile ya unyago kumlilia mtoto aliyekwenda. Karani naye hakuwa mjinga. Nilimwona akinitazama mimi, akamtazama mjomba, akalitazama lile faili lililokwisha kuwa nene, na nikaona uso wake unalegea. Faili la marehemu halina rufaa. Akachukua kalamu, akaandika kwa ule mwandiko wake, bila kutaja mwaka, kwamba mke aliyetajwa kwenye cheti amefariki, na kwamba ndoa hiyo imekwisha kwa kifo. Akapiga muhuri, akaandika na nakala ya kumpelekea mume Mtwara.

"Na wewe ni nani kwa marehemu?" akaniuliza.

"Ndugu yake," mjomba akanijibia.

"Pole sana."

"Ahsante," nikasema.

Nilicheka kutoka Ruangwa mpaka nyumbani. Nilikuwa na furaha ambayo sijaiona tena mara nyingi maishani, furaha ya kuwacheza shere watu wanaojua kuandika. Mtu wa Lionja alikuja na matita ya nyasi, akapanda juu ya paa langu mchana kweupe, na shangazi yake akapona palepale. Nilimwendea mwalimu wa chuo kumwuliza kama natakiwa kukaa eda. Alikuna ndevu muda mrefu, akasema katika vitabu vyake hajaona mke anayejikalia eda mwenyewe. Tukakubaliana ndoa ifungwe ufuta ukishavunwa.

Ufuta ulikuwa bado umesimama shambani mume wangu alipotokea. Aliingia uani na kaka yake, wote wawili wamevaa kanzu, wameinamisha vichwa. Mimi nilikuwa natwanga makopa. Aliniona, akasimama.

"Nimepata barua kwamba umekufa," alisema.

"Ndiyo."

"Nimekuja kuhani."

"Karibu. Kaeni hapo kwenye mkeka."

Walikaa. Niliwapa maji ya kunywa na ugali, kwa sababu wafiwa hawaachwi na njaa, nao wakala. Mume wangu alicheka mwisho wa kula, kicheko cha mtu aliyeelewa, nami nikacheka, nikafikiri mambo yamekwisha kwa heri. Alimwita mtoto, akampa peremende, akamwuliza anajua kuchota maji. Mtoto akasema anajua. Pale nilipaswa kushtuka, ila nilikuwa bado nimelewa ile furaha yangu.

Siku chache baadaye tarishi alileta samansi. Mume wangu alikuwa amekwisha kuhama Mtwara, sasa analinda ghala la korosho Nachingwea, na mke wake mpya hakujaliwa mtoto. Alitaka mtoto wake. Mama wa mtoto amekufa, karatasi ya baraza inasema, na muhuri huu hapa, basi mtoto aende kwa baba aliye hai. Alikuwa ameisoma ile karatasi vizuri kuliko sisi tulioiandikisha.

Mjomba alikwenda Ruangwa mbio. Alisema mtoto ni wa ukoo wa mama, ndivyo ilivyo kwetu, hata mtoto wa kunyonya anajua. Karani hakukataa. Alisema mila hiyo baraza linaitambua, na mama akiwapo hakuna atakayemnyang'anya.

"Lakini mama yuko wapi?" aliuliza.

Mjomba akaanza kupekua mifuko ya koti.

"Nitaandika pingamizi kwa jina la mama," karani akamwambia, na nadhani alimwambia kwa huruma. "Litaitwa jina lake kama lilivyo kwenye cheti. Akiitika, atakuwa hai. Asipoitika, mtoto ataondoka na baba yake kwa lori la siku hiyo."

Mjomba aliporudi na habari hizo nilimtukana matusi ambayo mtu hamtukani mjomba wake. Alivua lile koti, mara ya kwanza mimi kumwona bila koti, akakaa amelipakata. Sikula siku ile. Binti yangu alikuwa anacheza uani na kigae, anakiita gari, na nilimtazama nikaona kila kitu chake, magoti yaliyopauka, jino lililong'oka mbele. Uhuru wangu wote ulikuwa takataka.

Asubuhi ya kesi wanawake wa kwetu walitembea nami mpaka Ruangwa, kila mmoja na khanga yake nzuri, kama tunakwenda arusini. Walikuja kunisaidia, lakini kunisaidia nisiitike. Nyakanga alitembea ubavuni pangu. Alisema bila kunitazama, "Mtoto utazaa mwingine. Jina ukilirudia hakuna anayeweza kukutoa unyagoni tena." Nilimchukia njia nzima. Mama alimbeba mjukuu wake mgongoni ingawa mtoto alikuwa mkubwa wa kutembea, na miguu ilimning'inia mpaka magotini pa mama.

Barazani watu walijaa kupita mara ya kwanza. Mume wangu alikaa mbele na mke wake mpya, mwanamke mwenye uso mzuri, aliyekuwa ameshika gauni dogo jipya la maua, limekunjwa. Gauni lile liliniuma zaidi ya lolote. Alikuwa amelinunua kwa kukisia, na kwa macho niliona litamtosha. Mtoto aliitwa akae karibu nao, akapewa andazi, akaanza kula bila wasiwasi. Nje lori la Nachingwea lilikuwa linapakia, na utingo anagonga bodi kuharakisha watu.

Tarishi alipewa karatasi, akaipeleka kwa karani moja kwa moja bila kuifungua. Karani akasimama mlangoni. Akaliita jina.

Nilimsikia mtoto anatafuna. Nilimwona nyakanga ameinua kidevu. Nilimwona mama ametazama miguu yake.

Akaliita mara ya pili. Mume wangu akaanza kufunga kamba za viatu vyake. Mke wake akalikunjua lile gauni.

Mara ya tatu karani aliita polepole, nadhani alirefusha kwa makusudi ili kunipa nafasi, na hilo namshukuru mpaka leo ingawa watu wa kuandika siwapendi.

"Abee," nikasema.

Sikupanga kuitika hivyo. Ningeweza kusema nipo, au mimi hapa, kama mtu mzima. Ilitoka yenyewe, sauti nyembamba ya msichana aliyetumwa kuni, na nikaingia ndani. Nyuma yangu nikasikia khanga za wanawake zinainuka. Nyakanga alitoka kwanza, wengine wakamfuata.

"Wewe si ndugu wa marehemu?" karani akauliza, kwa sababu ilibidi aulize.

"Mimi ndiye marehemu."

Liwali akaacha kutazama mlango wa kwenda kula. Akataka aelezwe, akaelezwa, akacheka mpaka akafuta macho kwa kilemba. Kisha akamgeukia mume wangu. "Mkeo huyu hapa, mzima. Mtoto atabaki na mama yake. Na mkeo je, unamtaka?" Mume wangu alinitazama mimi, akamtazama mwenzake mwenye gauni, akasema hapana. "Basi sema," akaambiwa, akanitolea talaka palepale barazani na mashahidi wakasikia. Aliyehuzunika kuliko wote alikuwa karani. Kumfufua mtu, alisema, kunataka karatasi nyingi kuliko kumzika, na akavuta mtoto wa meza kutafuta kalamu nyingine. Nilibonyeza kidole mara nyingi mpaka mkono ukawa wa rangi ya zambarau. Yule mwanamke wa gauni alinifuata mlangoni, akanipa lile gauni, nami nikalipokea. Lori likaondoka nao.

Tulirudi Chinongwe kwa miguu. Wanawake walikuwa mbele, kundi moja, hakuna aliyegeuka kunitazama. Mjomba alikwenda nao, koti begani. Mama alikuwa wa mwisho wao, kibuyu cha maji kichwani. Mimi na mtoto tulibaki nyuma, yeye amevaa gauni lake jipya juu ya lile kuukuu.

"Lile jina uliloitikia," aliniuliza, "ni lako?"

"Lilikuwa langu."

"Nani alikupa?"

"Bibi yako. Mama yangu yule pale mbele."

Akalitamka. Alilijaribu kama watoto wanavyojaribu tunda wasilolijua. Ningempiga kama angekuwa amechezwa, lakini mtoto hana kosa, mtoto halipi kuku. Akaniita tena, akanitazama kuona nitafanya nini.

"Abee," nikamjibu.

Alifurahi sana. Aliniita kwa jina lile njia nzima, kila baada ya kichaka, kwa sauti ya juu, bila sababu yoyote, na kila aliponiita niliitika. Kule mbele migongo ya wanawake ilikakamaa na hatua zao zikaongezeka, wakatuacha. Mama peke yake hakuongeza mwendo. Akapunguza. Akasimama katikati ya njia, bado ametupa kisogo, akashusha kibuyu.

Tulipomfikia hakunitazama. Aliinama kwa mjukuu wake.

"Muulize huyo mtoto mwenzio," alimwambia, "kama ana kiu."